Tuipime Damu ya Kuku Aliye Mzima

Alfajiri moja ya mwezi wa Februari, katika siku zile ambazo joto la Dar es Salaam hulala na watu na kuamka nao, jirani yangu wa hapa Mabibo, mama mmoja ambaye riziki yake na ada za shule za wajukuu wake hutoka katika banda la kuku 180 wa mayai, alinibishia hodi akiwa amemning'iniza kuku kwa miguu yote miwili. "Mwalimu," akasema, "huyu jana jioni nimemwona kwa macho yangu akila, akinywa na kugombana na wenzake, leo nimemkuta kiotani amekauka." Kuku mwenyewe alikuwa mnono, manyoya yanang'aa, hana jeraha wala kamasi wala uchafu wa kuhara, ila undu wake, ambao wafugaji wa siku hizi huuita upanga, ulikuwa umepauka kama kitambaa chekundu kilichofuliwa mara nyingi na kuanikwa juani.

Tulitandika gunia tupu la pumba tukampasua. Ndani ya tumbo tulikuta pande la damu iliyoganda, jeusi, limelikumbatia ini kama tope lililokumbatia jiwe. Na ini lenyewe, badala ya kuwa na ile rangi ya hudhurungi iliyokolea ambayo kila aliyewahi kuchinja kuku anaijua, lilikuwa la manjano kama andazi, limevimba, na nilipoligusa kwa ncha ya kidole lilimomonyoka na kuacha utelezi wa mafuta juu ya kisu. Ndani ya mfuko wa uzazi mlikuwa na yai zima, gamba lake limekwisha kukomaa, linangoja kutagwa. Kuku huyo alikuwa wa tatu katika siku tisa, na mama wa watu aliuliza swali ambalo ndilo lililonishikisha kalamu: "Kwa nini hawanipi habari kabla hawajafa?"

Jawabu langu, baada ya kulifikiri jambo hili kwa muda mrefu, ni kwamba kuku hutupa habari, na huitoa mapema, lakini huitoa katika damu, na sisi hatuna desturi ya kumwuliza huko.

Watu wengi hudhani kwamba yai lote hutengenezwa katika mji wa kuku, wala hawana lawama, kwa kuwa ndiko linakotokea; lakini kiini, ambacho ndicho chakula cha kifaranga na ndicho tukipendacho sisi katika chipsi mayai, mafuta yake na protini zake huandaliwa na ini. Kuku akikaribia kutaga, homoni ya kike hulitia ini amri, nalo hushika kazi ya kugeuza wanga wa mahindi kuwa mafuta, kuyafunganya pamoja na protini, kuyapakia katika damu na kuyapeleka kwenye ovari, ambako kila kiini hunenepa kwa haraka katika muda wa siku kumi hivi za mwisho kabla ya kuachiliwa. Kiini kimoja hubeba takriban gramu 5 za mafuta. Basi kuku atagaye mayai 300 kwa mwaka huwa amesafirisha kilo moja na nusu ya mafuta, mzigo usiopungua sana chini ya uzito wa mwili wake. Sijapata kumwona mpishi wa arusi, hata katika arusi za siku saba za zamani, aliyetwishwa kazi ya namna hiyo pasipo mapumziko.

Sasa mzigo ukizidi chombo, mafuta ambayo ini halikuwahi kuyasafirisha hubakia humo humo, yakalilainisha, yakalitanua, hata siku moja kuku akijikamua kutaga au akishtuliwa na paka, kishipa kikapasuka na damu ikamwagikia tumboni. Ugonjwa huu wa ini la mafuta ulielezwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1956, na mwaka 1972 wakaliongezea jina lake neno la kuvuja damu, kwa kuwa hiyo ndiyo sura auayo nayo. Nao hupenda hasa kuku aliyeshiba, asiye na nafasi ya kutembea, katika msimu wa joto. Yaani, kana kwamba umeandikiwa mabanda yetu ya mjini. Hapa Mabibo, mahali ambapo jina lake ni lile tunda la mkorosho lakini mikorosho yenyewe utaitafuta usiione, banda hujengwa katika upenyo uliosalia baina ya choo na ukuta wa jirani. Dagaa na soya zikipanda bei, mfugaji huzipunguza katika mchanganyiko, akajazia kwa paraza na pumba, asijue kwamba kupunguza protini na kuongeza wanga ndiyo njia ya mkato ya kulinenepesha ini. Wanafunzi wa mabweni ya Chuo Kikuu na wa Chuo cha Usafirishaji hawaachi kula mayai kwa sababu dagaa wa Mwanza wamepanda, na kila trei isiyofika kwenye kibanda cha chipsi asubuhi ni mteja aliyehamia kwa mwingine.

Mama yule alifanya kama tufanyavyo wote: alikwenda katika duka moja la dawa za mifugo akaeleza habari za misiba yake, na muuzaji, pasipo kuuliza kuku wanakula nini wala kutaka kuuona mzoga, alimpa chupa ya maji ya kijani "ya kusafisha ini" na pakiti ya dawa ya kuua vijidudu, akamwambia achanganye zote mbili katika maji ya kunywa kwa siku tano. Ini lililojaa mafuta halina kijidudu cha kuuawa. Fauka ya hayo, kuku anyweshwaye dawa ya namna ile mayai yake hayafai kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa zipite. Na ni nani katika sisi amepata kumwona mfugaji mdogo akimwaga trei sita za mayai kwa siku kwa ajili ya maandishi yaliyochapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi? Basi tabia hii ya kutibu pasipo kupima humdhulumu mfugaji, humdhulumu na mlaji.

Nilimwomba kijana mmoja tabibu wa mifugo aje. Alikuja usiku, jambo lililotustaajabisha, akatuomba taa hafifu, na baadaye alitueleza kwamba kuku anayekimbizwa na kupapatika huichafua damu yake kwa vitu vinavyotoka katika misuli, hivyo ni bora anyanyuliwe akiwa usingizini. Mama alimlaza kuku ubavu mapajani, kijana akanyoosha bawa, akanyonyoa manyoya machache upande wa ndani, akapangusa kwa pamba yenye spiriti, na hapo mshipa ukaonekana chini ya ngozi, mwembamba, wa buluu, umepita juu ya mfupa kama mto katika ramani ya shule. Alivuta mililita mbili tu, chini ya nusu ya kijiko cha chai, ilhali kuku mwenye uzito wa kilo mbili aweza kutolewa hata kumi pasipo kudhurika. Kisha akaubana mahali pale kwa kidole gumba dakika nzima, kwa sababu mshipa wa kuku huvimbisha damu upesi. Kuku aliporudishwa kitagioni alijitikisa mara moja akalala tena.

Vichupa vilipokwisha kukaa na damu kujitenga, mama alikinyanyua kimoja kwenye taa, akaguna. Juu ya damu iliyozama palielea maji mazito, meupe yenye umanjano, mfano wa tui la pili. "Yarabi, mafuta yote haya! Si ndiyo huo ugonjwa?" Kijana akacheka kwa adabu. "La, bibi. Hayo ni mayai ya wiki ijayo, yako safarini."

Neno hilo ndilo kitovu cha hoja yangu, na ndilo linalonitenga na wale wanaodhani kwamba kupima damu ya kuku ni jambo la kuitumbukiza katika mashine na kusoma tarakimu kama zinavyosomwa za binadamu. Damu ya kuku atagaye, lau ingeletwa kwa daktari wa watu pasipo jina, ingemfanya amlaze mwenyewe wodini: mafuta yako juu, chokaa iko juu, protini ziko juu, na vyote hivyo ni siha wala si maradhi. Kinyume chake, alama tuzitegemeazo kwa binadamu hazimo. Mtu mwenye ini bovu huwa manjano machoni. Kuku hana kile kimeng'enya kigeuzacho rangi ya kijani ya nyongo kuwa ya manjano, kwa hiyo ukimtazama macho hata uchoke hutaona kitu, ila pengine ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake ikageuka kuwa ya kijani. Na kipimo cha ALT, ambacho kila aliyepimwa ini hospitalini amekiona katika karatasi yake, kwa ndege hakina maana.

Wako mashahidi wengine, lakini kila mmoja ana tabia yake, na hakimu mwenye hekima huwasikiliza kwa pamoja. Kimeng'enya cha AST hupanda katika damu ini linapoumia, ila hupanda pia msuli unapoumia, kwa hiyo hupimwa sambamba na CK, ambayo ni ya msuli peke yake: ikiwa AST imepanda na CK imetulia, shaka inaelekea kwenye ini. GLDH haisemi uongo, kwani kwa kuku aghalabu haitoki ila katika ini, lakini ni shahidi mzito wa kunena, hanyanyui sauti mpaka seli zimekufa. Asidi za nyongo husema kama ini linafanya kazi yake ya kusafisha, jambo lililo tofauti na kusema kama limejeruhiwa. Na albumini, protini itengenezwayo na ini, ikishuka pasipo sababu nyingine, ni dalili kwamba mpishi ameanza kuchoka; kwa kuku aliyelishwa chakula chenye sumukuvu, protini za damu huweza kushuka kabla jicho la mfugaji halijaona lolote.

Kwa sababu hiyo nasema: asipimwe kuku anayeumwa, apimwe aliye mzima. Tarakimu moja iliyochukuliwa siku ya msiba haina mizani ya kuipimia, maana hakuna anayejua kuku yule alikuwaje mwezi uliotangulia. Lakini mfugaji akichagua kuku sita katika banda, akawavisha pete miguuni, akawapima mara ya kwanza utagaji ukiisha kutulia (na si kabla ya kutaga, kwa kuwa damu ya mwari na ya mama hazilingani), akawapima tena mwezi wa Novemba joto linapoanza kubisha, na tena mwishoni mwa Januari, atakuwa na kioo cha banda lake mwenyewe, na mabadiliko yatamwambia ayapunguze mahindi au autupe mzigo mpya wa pumba wiki kadhaa kabla ya kuku wa kwanza kukutwa kiotani amekauka. Na ini la kuku, likiwahiwa, lina insafu: mafuta yakipunguzwa mzigo, huweza kulitoka.

Mpinzani wangu, ambaye ni rafiki yangu na amefuga kuku miaka mingi kuliko mimi, hunicheka. Husema: kuku mmoja anatosha, mchinje, mpasue, tazama ini, umalize udhia. Sitaki kumdhulumu, maana kwa mwenye kuku thelathini maneno yake ni ya haki, na hata kwa mwenye mia tano kupasua mzoga ni wajibu usiosamehewa; kuna maradhi, kama homa ya matumbo ya kuku, ambayo hulitia ini rangi ya shaba yenye ukijani isiyomdanganya aliyepata kuiona mara moja. Lakini mzoga husema habari za jana, tena husema habari za yule aliyekufa, si za wale 179 waliobaki wakidonoa. Na kuku uliyemchinja huwezi kumpima tena Novemba.

Tena si jambo geni chini ya jua kulisafisha taifa zima la kuku kwa tone la damu. Marekani, ambako ugonjwa wa kuhara kweupe ulikuwa ukiangamiza vifaranga kwa maelfu, ulianzishwa mwaka 1935 mpango wa nchi nzima wa kuwapima kuku wazazi: tone la damu juu ya kigae, tone la dawa yenye rangi, vikakorogwa pamoja, na damu ikigandamana vipande vipande kuku yule akaondolewa katika kundi. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kiasi cha kufanyiwa bandani, juu ya sanduku. Mashamba ya biashara ya nchi ile yakautokomeza ugonjwa huo katika kizazi kimoja cha watu. Kilichofanya kazi hapo ni ada: kila kuku mzazi, kila mwaka, awe mzima au asiwe.

Nimetaja sumukuvu, nami siwezi kuipita mbio, kwani ndipo jambo la banda linapogeuka kuwa jambo la sufuria yetu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, hata wakauita kwa herufi ya X. Kumbe ulitoka katika mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Karibu na wakati ule bata wachanga walikuwa wakifa huku kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya na Uganda, kwa sababu ile ile. Dunia ikaijua sumu hiyo kwa kuwa ndege walitangulia kufa. Halafu mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, walioanguka walikuwa watu: wagonjwa 68 waliohesabiwa, na 20 katika hao wakafa, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi ya Kiteto na Kondoa ndiyo hayo hayo yashukayo Dar es Salaam kwa malori. Yaliyo mazuri huenda kinuni, na yaliyopondeka, yaliyoloa, yaliyoingiwa na ukungu, mwenye mali hakubali kuyatupa, akayauza yawe chakula cha mifugo. Kwa hiyo kuku wa Mabibo ndiye aonjaye kwanza, kama alivyokuwa mwonjaji wa mfalme katika ngano, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Nikisikia kwamba albumini imeshuka katika mabanda matatu ya mtaa mmoja yanunuayo pumba kwa mfanyabiashara mmoja, sitahitaji kungoja habari za redio.

Basi gharama? Mfugaji mmoja mmoja hawezi, wala sitaki kumpamba kwa maneno. Lakini wafugaji kumi wa kata moja, waliokwisha kuwa na desturi ya kuchangiana misiba na arusi, wakichangiana vichupa na nauli ya mtu mmoja mwenye kasha la barafu, mzigo huwa mwepesi. Na njia si ndefu. Maabara kuu ya veterinari ya nchi hii, iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania tangu mwaka 2012, iko hapa hapa mjini, Temeke, mahali ambapo hata makonda wa daladala hupaita Vetenari. Kutoka Mabibo unashika Barabara ya Mandela, unapita Buguruni na Tazara, na foleni ikikuhurumia damu hufika ingali baridi. Wakala huo hupima maradhi ya mifugo na ubora wa vyakula vyao. Ninachokitaka ni vipimo vya ini la kuku viwekwe kwa bei ya kikundi, pamoja na kipimo cha sumukuvu katika chakula cha banda lile lile, kwa kuwa damu pasipo chakula ni nusu ya ushahidi. Tena bwana mifugo wa kata apewe vichupa, sindano na kasha, badala ya kupewa fomu za kujaza idadi ya kuku waliokufa. Serikali hutumia fedha kuhesabu mizoga. Sehemu ya fedha hizo ingetosha kununulia barafu.

Mama jirani hakungoja serikali wala mimi. Majibu ya kuku wake sita yaliporudi, wawili AST yao ilikuwa juu na CK imetulia, akayapunguza mahindi, akaongeza dagaa kwa kukopa, akaning'iniza mafungu ya mchicha juu ili kuku waruke kidogo kuyafuata. Pete za miguuni alizikata mwenyewe katika kipande cha bomba jekundu la maji. Ana daftari la kurasa 48 ambalo amelipiga mistari kwa rula ya mjukuu: tarehe, mayai, uzito, maoni. Kuku wa nne, mwenye kidole kilichopinda, ndiye mzito kuliko wote, naye ndiye atanguliaye mlangoni kila asubuhi kudai chakula; katika safu ya maoni, mbele ya namba yake, mama ameandika kwa kalamu ya risasi: "Huyu tumtazame hadi Novemba."